Gari la kuvusha mpaka, Puerto Viejo hadi Bocas del Toro: nyota tatu kati ya tano

Binamu yangu wa Lamu amepata nafasi ya kwenda kwenye mafunzo ya kasa Tortuguero, Kosta Rika, kama nilivyokwenda mimi Septemba 2024. Tangu apate habari hiyo swali lake ni moja tu: mafunzo yakiisha, akitaka kuvuka mpaka wa nchi kavu aone visiwa vya Bocas del Toro upande wa Panama, akate tikiti ya lile gari la watalii au ajipeleke mwenyewe kwa basi? Nimemjibu kwa simu vipande vipande. Leo mtandao umekatika, kesho yeye yuko jeti ya Mokowe anakimbilia boti. Basi naandika yote hapa kwa mara moja, kwake yeye na kwa mtu yeyote wa huku kwetu atakayefika kule na pasipoti ya Kenya. Maoni niliyoyasoma mimi kabla ya kusafiri yalikuwa ya sifa tupu, na sasa najua kwa nini: walioyaandika walikuwa na pasipoti nyepesi.

Huduma yenyewe iko hivi. Unalipa dola 38, kwa siku zile kama shilingi 4,900 za kwetu, katika ofisi ndogo mjini Puerto Viejo. Asubuhi wanakuchukua mlangoni pa nyumba ya wageni. Gari linakufikisha Sixaola, mji wa mwisho wa Kosta Rika. Unashuka, unagongewa muhuri wa kutoka, unavuka daraja kwa miguu na mzigo wako, na ng'ambo ya pili, Guabito, gari jingine la wenzao linakungoja likupeleke Almirante. Hapo unapanda boti ya nusu saa hadi mji wa Bocas, kisiwa cha Colón. Tikiti moja, magari mawili, boti moja. Kampuni siitaji jina, maana ziko kadhaa zinazofanya kazi hiyo hiyo na ninalolisema linazihusu zote.

Aliyenikatia tikiti alikuwa binti mchangamfu. Aliniuliza begi langu ni kubwa kiasi gani, nimelala nyumba gani, nahisi kichefuchefu baharini au la. Hakuniuliza natoka nchi gani. Nikamwambia mwenyewe, tena nikaitoa pasipoti nikaiweka juu ya meza. Akaitazama jalada, akatabasamu, akasema hakuna tatizo. Neno hilo nalikumbuka kwa sababu ndilo nililolipia.

Nieleze kidogo kuhusu lugha, itafaa mbele. Mimi ni wa Malindi, nimefanya kazi hoteli miaka saba kabla ya kuingia kwenye mambo ya kasa, na Kiitaliano nakisema kama wengi wetu tunavyokisema. Kihispania sikuwahi kusoma. Lakini Kosta Rika niligundua kwamba nikisema Kiitaliano polepole naeleweka, na nikisikiliza kwa makini naelewa nusu. Nusu hiyo ilinipa ujasiri zaidi ya ilivyostahili.

Safari ya kwanza, kutoka Puerto Viejo hadi Sixaola, naipa nyota zote tano. Gari ni matatu ya viti kumi na vinne kama zetu za Malindi na Mombasa, ila ina kiyoyozi na mikanda yote inafunga. Tulikuwa abiria kumi na mmoja. Dereva, mtu mzima wa Limón, mweusi kama mimi, aliposikia natoka Kenya alinihamishia kiti cha mbele. Watu weusi wa pwani ile wengi ni kizazi cha Wajamaika walioletwa kujenga reli ya Limón hadi San José, iliyoanza 1871 na kumalizika 1890. Nikamwambia yetu ilianza Mombasa 1896, na waliojenga waliletwa kutoka India. Akashangaa, akaniuliza kama wajukuu wao bado wako. Nikamwambia wako, na chapati zao ndizo tunazokula kila asubuhi. Yeye akanieleza chakula chao cha Jumapili: wali na maharagwe vilivyopikwa chungu kimoja kwa tui la nazi, na pilipili nzima juu isiyopasuliwa. Nilikuwa nimeshakila siku mbili mfululizo. Sikuona haja ya kumwambia kwamba kwa mama yangu kinaitwa chakula cha kawaida, maana alikizungumzia kwa mapenzi na mimi nilikuwa nimekimisi nyumbani.

Ukipita Bribri njia inateremka na kuingia migombani. Migomba pande zote mbili, na kila mkungu umevishwa mfuko wa plastiki wa buluu ungali mtini. Mahali pengine gari husimama kupisha ndizi: mikungu inaning'inia kwenye waya wa juu na kuvutwa ikivuka barabara, mmoja nyuma ya mwingine. Dereva alizima injini tukatazama.

Sixaola tulifika saa tatu na robo. Yule mzee alifanya kazi yake sawasawa. Alituonyesha pa kulipia ushuru wa kutoka kwa njia ya nchi kavu, dola 8 pamoja na gharama ya kulipia, kama shilingi elfu moja. Alikagua risiti ya kila mmoja kabla hatujaingia kwenye foleni. Alitukumbusha tusogeze saa mbele kwa saa moja, kwa sababu Panama iko mbele. Akatuhesabu vichwa, kumi na mmoja, akatupeleka hadi mguu wa daraja. Kwa miaka mingi watu walivuka pale kwa daraja la reli la 1908, lililojengwa na United Fruit Company kupitisha mabehewa ya ndizi, wakikanyaga mbao huku mto ukionekana chini. Sasa liko daraja jipya, lilifunguliwa 2021, pana, la kupita magari, na mwenye kuogopa maji hana la kuogopa. Hapo ndipo yule dereva alipotuaga. Kazi yake inaishia katikati ya mto, na kwangu mimi wema wa kampuni uliishia hapo pia.

Ng'ambo kulikuwa na foleni moja. Katika kundi letu walikuwemo mabibi wawili wa Kiholanzi, mmoja goti limevimba. Nikawapisha. Nyuma yao kulikuwa na mama mwenye mtoto mgongoni, nikampisha naye. Nimelelewa hivyo, mkubwa hupishwa na mwenye mtoto hupishwa. Nikajikuta wa kumi na moja.

Wale kumi walichukua dakika mbili mbili, tatu tatu. Pasipoti, picha, alama za vidole, muhuri. Nilifika dirishani saa tano na dakika ishirini na tano kwa saa ya Panama.

Afisa hakuwa mkali. Nataka hili lieleweke, kwa sababu nimewahi kukaripiwa mahali kwingine na najua tofauti. Alifanya anachotakiwa kufanya. Mkenya anahitaji viza ya Panama, lakini mwenye viza ya Marekani ya kuingia mara nyingi, ambayo imeshatumika angalau mara moja, huruhusiwa kupita nayo. Mimi ninayo, niliipata kwa ajili ya kumtembelea dada yangu aliyeolewa huko. Afisa akatafuta muhuri wa kuonyesha kwamba nimeshaitumia, na muhuri wenyewe ulikuwa umefifia. Akaugeuza kwenye mwanga. Akaomba tikiti ya ndege ya kutoka Panama na kurudi kwetu. Akaomba ushahidi wa dola 500, nikampa noti na taarifa ya benki. Akaomba kadi ya chanjo ya homa ya manjano.

Kadi yangu ni ya 2013, na imeandikwa kwamba inafaa kwa miaka kumi. Ukihesabu, imekufa 2023. Lakini tangu Julai 2016 kanuni za afya za kimataifa zinasema chanjo hiyo ni ya maisha, hata kama kadi imeandikwa vingine. Nikamweleza kwa Kiitaliano changu, naye akasikiliza, akachukua kadi na pasipoti akaingia navyo chumba cha ndani kuuliza. Binamu, ukisoma hapa: kama kadi yako ni ya zamani, nenda kwa watu wa afya ya bandari Mombasa wakuandikie mpya kabla hujaondoka. Usiache jambo ambalo ni kweli lakini linahitaji kuelezwa.

Nilielewa pia uzito mwingine uliokuwa juu ya dirisha lile. Mwaka 2023 peke yake watu zaidi ya 520,000 walipita kwa miguu msitu wa Darién kuingia Panama, wakielekea kaskazini, na miongoni mwao walikuwemo Waafrika. Mimi nilikuwa naelekea kusini, nina tikiti ya kurudi nyumbani mkononi. Lakini pasipoti ya Kiafrika kwenye mpaka ule husomwa kurasa zote, na atakayekwambia vinginevyo hajapita nayo.

Wakati nasubiri, dereva wa gari la pili, kijana, alichungulia mlangoni akaniambia: «Salimos en diez minutos.» Kwa Kiitaliano, «saliamo» maana yake tunapanda. Nikaelewa kwamba baada ya dakika kumi wataanza kupanda garini, watatafuta viti, watapanga mizigo, na mimi nitakuwa nimemaliza. Nikamwonyesha kidole gumba. Kwa Kihispania, «salimos» ni tunaondoka.

Waliondoka saa sita kasoro dakika kumi.

Nilitoka mle ndani saa saba na dakika tano, muhuri umegongwa, afisa ameniambia karibu Panama. Gari halipo. Begi langu lilikuwa limeshushwa na kuachwa kwenye ngazi ya duka moja la nguo na viatu. Mama mwenye duka alikuwa amelisogeza kivulini na kuketi karibu nalo. Alikuwa mtu mzima, kitambaa kichwani kimefungwa kama anavyofunga shangazi yangu, na alinisemesha Kiingereza cha pwani ile. «Binti yangu,» akaniambia, «walikuita mara mbili. Nikasema mzigo wa mtu hauachwi juani.» Alinipa kiti na maji. Malindi ilikuwa saa tatu usiku, Isha imeshasaliwa, na najua mama yangu alikuwa ameshika simu akingoja nimwambie nimevuka. Nikampigia kutoka kwenye kile kiti. Sikumwambia kwamba nimeachwa. Nilimwambia nimekaa na mama mmoja mwema, na hilo lilikuwa kweli.

Sasa nieleze kwa nini nawanyima nyota mbili, maana si kwa sababu ya kuondoka peke yake. Gari lenye watu kumi ndani, wakiwemo wale mabibi na yule mtoto, haliwezi kusimama saa moja na robo juani kwa ajili ya mtu mmoja. Nalijua hilo. Kosa lilifanyika mapema, pale mezani Puerto Viejo, walipoiona pasipoti yangu wakasema hakuna tatizo. Mtu anayejua kazi ya mpakani angesema: wewe kesho utatangulia. Afisa alipoingia na karatasi zangu chumba cha ndani, dirisha lilibaki tupu. Kama ningekuwa wa kwanza, karatasi zangu zingekuwa ndani zinakaguliwa huku wale kumi wakihudumiwa mmoja mmoja. Nusu saa yao yote ingeingia ndani ya muda wangu, na gari lingeningoja saa moja na dakika kumi hivi badala ya saa moja na dakika arobaini. Mwenye pasipoti nzito akiwekwa mwisho, foleni inakuwa mbili. Akiwekwa mbele, inakuwa moja.

Na si jambo la ajabu. Mwaka juzi nilipanda basi la Mombasa kwenda Tanga. Kabla hatujafika Lunga Lunga, utingo alipita kiti kwa kiti akiuliza nani ana pasipoti, nani ana hati ya muda, nani kadi yake ya chanjo ina kasoro. Wenye mambo mazito akawaweka mlangoni washuke kwanza, na wazee akawaambia kwa adabu wabaki kwenye viti mpaka foleni ipungue. Hakuna aliyeona amevunjiwa heshima. Tulimaliza Horohoro wote karibu kwa pamoja. Nauli yake haikufika hata nusu ya dola 38. Utingo yule angewafundisha wale wa Puerto Viejo kazi yao kwa asubuhi moja.

Yaliyobaki yalikwenda vizuri. Mama wa duka aliniitia dereva wa teksi anayemjua, tukakubaliana dola 20 hadi Almirante kupitia Changuinola. Pesa Panama ni dola zile zile za Marekani, za noti. Sarafu wana zao za balboa zenye thamani sawa na dola, kwa hiyo kolon za Kosta Rika zilizobaki mfukoni zibadilishe kabla ya daraja. Njiani ni migomba tena, halafu vilima, halafu unaiona bahari. Almirante ukishuka utadhani uko Mokowe: vijana watatu wanalishika begi moja, kila mmoja anasema boti yake ndiyo inayoondoka sasa hivi. Nilishika begi langu kwa mikono miwili kama nilivyofunzwa na watu wa Lamu, nikaonyesha karatasi ya kampuni, na niwape haki yao, watu wa boti waliikubali bila maneno. Jaketi la kuelea kila abiria alipewa na alivishwa kabla ya kung'oa. Saa nane u nusu tuliondoka, na kabla ya saa tisa u robo nilikuwa Bocas, nyumba za mbao za rangi zimesimama juu ya maji kwa nguzo.

Niliiandikia kampuni usiku ule ule, kwa utulivu, nikaeleza kama nilivyoeleza hapa. Jibu lilikuja baada ya siku sita. Waliomba radhi na wakanirudishia dola 10. Kuhusu kuuliza uraia wakati wa kukata tikiti na kupanga nani atangulie, hawakusema neno. Ningefurahi zaidi wangebaki na zile dola 10 wakanijibu hilo.

Kurudi nilijipeleka mwenyewe: boti hadi Almirante, basi dogo hadi Changuinola, teksi ya kuchangia hadi Guabito. Nilikuwa wa kwanza dirishani kwa sababu nilikuwa peke yangu. Kutoka Panama na kuingia Kosta Rika kulinichukua dakika arobaini jumla, na ile saa moja niliyoipoteza darajani nilirudishiwa. Gharama ilikuwa ndogo kwa mbali. Lakini jihadhari na saa za kazi. Siku zile ofisi za Sixaola zilifungwa saa kumi na moja jioni, ambayo ng'ambo tayari ni saa kumi na mbili. Ukichelewa unalala mpakani, na mimi sikuona pale mahali ambapo ningependa binamu yangu wa kike alale peke yake.

Kwa hiyo jibu langu: ukienda, panda gari lao, kwa ajili ya yule mzee wa Limón na kwa sababu boti na barabara ni za uhakika. Lakini usikubali «hakuna tatizo». Waambie wakuandikie nyuma ya tikiti kwamba utatangulia kwenye foleni na kwamba dereva wa pili ana habari yako. Wakikataa, chukua basi. Na wale mabibi wa goti, ukikutana nao, wabebee mizigo yao darajani. Ukifika Guabito waombe radhi, upite mbele.

Nimekuwekea bahasha. Ndani yake kuna sarafu mbili za balboa, jina la mtaa wa lile duka la nguo, na karatasi niliyoandika kwa kalamu nyeusi: «Quiero pasar primero», nataka kutangulia, «¿El chofer me espera?», dereva ananingoja? Na chini yake, kwa herufi kubwa, SALIR NI KUONDOKA. Basi la kutoka Mokowe hupita Malindi. Ukishuka kwenda kuchukua kadi yako ya chanjo Mombasa, pitia kwanza kwa mama, iko juu ya kabati la vyombo.